Mheshimiwa, tumjue vipi polisi wa kweli? Barua ya wazi kutoka Lubumbashi

Kwako Mheshimiwa, mwenye dhamana ya usalama wa jiji letu,

Ninakusalimu kwa heshima zote zinazostahili cheo chako. Mimi ni mama mwenye nyumba ndogo ya wageni, vyumba sita, hapa Lubumbashi. Hunikumbuki, najua. Siku ile ulipotuita sisi tunaolaza wageni, nilikaa mstari wa tatu. Ulisema kwamba kabla ya kiangazi kila polisi anayesimamisha gari usiku atakuwa na namba kifuani, na kwamba kutakuwa na simu moja ya usiku kwa ajili ya wageni. Tulipiga makofi. Mimi nilipiga mpaka viganja vikaniuma.

Kiangazi kimekuja na kimekwisha. Mvua zimeanza. Na Jumanne usiku wageni wangu wawili wamerudi nyumbani saa nane, kwa miguu, wamelowa, bila viatu.

Ni mzee Mbelgiji wa miaka 74 na binti yake. Huyu mzee alizaliwa hapa, wakati mji bado unaitwa Élisabethville. Alikuja kutafuta nyumba ya wazazi wake, kuona kanisa kuu la Petro na Paulo alikobatizwa, na kupiga picha moja na bomba la moshi la Gécamines, kampuni ya madini, na ule mlima mweusi wa masalio ya shaba. Siku ya pili tu sisi nyumbani tulikuwa tunamwita kambo, yaani babu, naye anaitika.

Walitoka kula mjini. Niliwaambia wakodi taksi peke yao, wasipande na abiria wengine, na walifanya hivyo. Mbele kidogo gari la vioo vyeusi likawazuia. Wanaume wawili wakashuka, mmoja na kofia ya polisi, mwingine na kadi ndani ya plastiki. "Kontrole. Pasipoti." Kambo ni mtu wa sheria, akatoa. Wakawaambia wahamie gari lao, waende ofisini kuhakikisha viza. Ofisi hiyo, Mheshimiwa, ilikuwa kwenye giza la barabara ya Kipushi. Pasipoti, simu, dola 600, pete ya marehemu mke wake, na viatu. Sentineli mmoja, mlinzi wa kiwanda, ndiye aliyewaonea huruma na kuwasindikiza hadi penye taa.

Utaniuliza kwa nini walitembea na pasipoti usiku. Swali zuri. Miaka mingi nimewaambia wageni wangu: pasipoti ibaki kwangu, tembeeni na fotokopi. Lakini fotokopi hiyo, askari wa kweli wa barabarani anaikataa. "Mama, hii ni karatasi tu." Mgeni anakaa juani saa mbili mpaka atoe kitu. Wageni wangu wanne yamewapata hayo mwaka huu. Basi siku hizi wageni wanabeba pasipoti, na mwizi naye anajua wanaibeba. Maneno anayoyasema mwizi ndiyo hayo hayo anayoyasema askari wako, kwa sauti ile ile, saa ile ile. Kambo angewatofautisha kwa nini? Kwa harufu?

Serikali ya Marekani, katika onyo lake kwa raia wanaotaka kuja Kongo, inaandika wazi kwamba wahalifu wanaweza kujifanya polisi au watu wa usalama. Ulituambia siku ile kwamba maonyo hayo ni ya kutuchafulia jina. Labda. Lakini bima nyingi za safari hazilipi kama mtu amekwenda mahali serikali yake imemkataza, kwa hiyo karatasi hiyo unayoicheka ndiyo inayofunga vyumba vyangu. Sare wanazitoa wapi, sijui. Wengine wanasema zinauzwa, wengine wanasema zinaazimwa kwa usiku mmoja. Wewe ndiye wa kujua.

Asubuhi nikawapeleka kutoa taarifa. Bila PV, ile karatasi ya taarifa ya polisi, bima haiwezi hata kufungua faili. Jina la kituo nalihifadhi. Aliyetupokea alikuwa na adabu sana. "Mama, karatasi hatuna. Utuletee kwanza ya karatasi." Nikatoa franga za karatasi. Halafu za kalamu. Halafu za mafuta ya pikipiki ya kwenda "kwenye tukio", ambako hakuna aliyekwenda. Kambo, aliyeibiwa kila kitu, akakaa kwenye benchi na ndala za mtoto wangu miguuni, akitazama mimi nikilipia wizi wake. Afadhali nchi yao ina konsuli hapa. Wangekuwa wa nchi isiyo na konsuli hapa, wangepanda ndege hadi Kinshasa kwanza, na bila pasipoti sijui wangepandaje.

Walikuwa waende hifadhi ya Kundelungu kuona maporomoko ya Lofoi. Gari nililipa mimi arabuni, haitarudi. Watu wanne waliokuwa waje kupitia mpaka wa Kasumbalesa wiki ijayo wamesikia, wamebaki Zambia. Kati ya vyumba sita, vitano ni vitupu. Nina mazuti ya jenereta ya kulipa na minerval, ada ya shule, ya watoto watatu, lakini hayo si kazi yako, samahani, yamenitoka tu.

Sikuombi uwakamate wale wawili. Sikuombi kamera, wala semina nyingine yenye soda na biskuti. Namba kifuani, kubwa, inayosomeka kwa tochi ya simu. Na amri kwa askari wako kwamba fotokopi yenye muhuri inatosha usiku. Ukiona mbili ni nyingi, nipe ile namba peke yake. Namba tu, Mheshimiwa, kama ulivyosema mwenyewe.

Kambo anaondoka uwanja wa ndege wa Luano Jumamosi kwa karatasi ya konsuli. Picha yake ya bomba ilikuwa ndani ya simu.

Kama unataka kunijibu, simu yangu unayo. Niliiandika kwenye ile orodha uliyoipitisha mkutanoni, ukasema utatupigia.

Kwa heshima,

Mama wa vyumba sita, Lubumbashi