Malalamiko: programu ya kinga iliizuia programu ya nakala, nanyi mkatushauri tuzime kinga

Ofisi ya Mhasibu,
Chama cha Akiba na Mikopo cha Walimu,
Morogoro.

14 Julai 2025

Meneja,
Kitengo cha Huduma kwa Wateja,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: KUPOTEA KWA KUMBUKUMBU ZA WANACHAMA KWA SABABU YA MGONGANO WA PROGRAMU MBILI MLIZOTUUZIA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mhasibu wa chama cha akiba na mikopo chenye wanachama 412, karibu wote walimu wa shule za msingi. Mwezi Februari mwaka huu tulinunua kwenu kifurushi kimoja chenye programu mbili: moja ya kuhifadhi nakala za mafaili yetu kila usiku, nyingine ya kinga dhidi ya virusi. Tulilipa TSh 1,180,000 pamoja na VAT, kwa ankara moja. Ofisa mauzo wenu alituambia tumefanya vizuri kuchukua zote mbili mahali pamoja kwa sababu "zinaelewana". Neno hilo ndilo lililotufanya tuache kutafuta kwingine.

Jumanne tarehe 27 Mei fundi wenu aliingia kwenye kompyuta yetu kwa njia ya mtandao, akaipandisha programu ya kinga hadi toleo jipya na kuwasha kipengele cha kuzuia virusi vile vinavyofunga mafaili ya mtu na kumdai fedha ili ayapate tena. Hakuigusa programu ya nakala, wala hakuuliza inafanya kazi saa ngapi. Kuanzia usiku ule hadi usiku wa tarehe 18 Juni, siku 23 mfululizo, hakuna nakala hata moja iliyoandikwa. Na kila asubuhi nilipofungua ofisi nilikuta kwenye kioo kile kiduara cha kijani chenye alama ya vema, na maneno ya Kiingereza kwamba kazi ya usiku imekamilika. Nilikuwa natia sahihi kwenye daftari la ukaguzi kwa kuiamini alama hiyo. Sahihi zangu 23 zipo mpaka leo.

Alhamisi tarehe 19 Juni umeme ulikatika na kurudi mara tatu kabla ya saa nne asubuhi. Mara ya tatu kompyuta haikuwaka tena. Diski ya ndani ilikuwa imekufa, na fundi wa hapa mjini alithibitisha hivyo mchana ule ule. Sikuwa na wasiwasi. Nilimwambia Katibu kwamba tuna nakala ya jana usiku, tutakachopoteza ni kazi ya asubuhi tu. Tukaazima kompyuta nyingine, nikachomeka diski ya nje, nikafungua folda. Mafaili yalikuwepo, yamepangwa kwa tarehe kama kawaida. Kisha nikatazama safu ya ukubwa. Tarehe 26 Mei, gigabaiti 3.8. Tarehe 27 Mei, kilobaiti 0. Tarehe 28, kilobaiti 0. Nilishuka na kidole kwenye kioo, mstari kwa mstari, hadi tarehe 18 Juni, na kila mstari ulikuwa sifuri.

Siku hizo hazikuwa za kawaida kwetu. Mwisho wa Mei ndipo makato ya mishahara yanapoingia, na Juni ni mwezi ambao wanachama huomba mikopo ya ada kabla shule hazijafunguliwa Julai. Kila mkopo una wadhamini wake, ratiba yake ya marejesho na salio lake. Vyote hivyo vilikuwa vimefutika kwenye mfumo. Mwanachama aliyemaliza deni lake tarehe 6 Juni alionekana bado anadaiwa, na aliyekopa tarehe 10 alionekana hajawahi kukopa.

Nilipiga simu kwenu siku hiyo hiyo. Namba ya msaada wa programu ya nakala ilinijibu kwamba tatizo ni la kinga, nipige namba nyingine. Namba ya kinga ikanijibu kwamba kinga imefanya kazi yake vizuri, tatizo ni la nakala, nirudi kule kule. Nilizunguka hivyo mara nne kwa siku mbili. Ndugu Meneja, hao ni watu wa kampuni moja, na nadhani wamekaa jengo moja. Mimi mteja wa Morogoro sikupaswa kuwa mpatanishi wao.

Jibu la mwisho nililopewa, na ambalo ndilo lililonisukuma kuandika barua hii, ni la barua pepe ya tarehe 23 Juni. Lina sentensi moja: tuizime programu ya kinga, nakala zitaandikika.

Ni kweli zingeandikika. Lakini huo si ushauri wa kumpa mtu anayetunza fedha za wenzake. Mei 2017 virusi vya WannaCry vilienea katika nchi zaidi ya 150 kwa muda wa siku chache, na huko Uingereza hospitali zililazimika kuahirisha matibabu ya wagonjwa kwa sababu kompyuta zilikuwa zimefungwa. Virusi vya aina hiyo haviishii kwenye diski ya ndani. Diski ya nje ikiwa imechomekwa, navyo vikaikuta, nakala zilizomo hufungwa pamoja na mafaili halisi. Kuna vingine huanza kwa kufuta zile nakala za kivuli ambazo Windows huzitunza, ili mwenye kompyuta asiwe na pa kurudi. Mtu akizima kinga ili apate nakala, anakuwa ameiacha hiyo nakala yenyewe bila mlinzi.

Kilichotokea kwetu tulikijua kwa msaada wa kijana mmoja mwalimu wa kompyuta, mwanachama wetu, aliyekaa nasi Jumamosi nzima akisoma kumbukumbu za programu zote mbili. Naeleza kwa kirefu kidogo, maana mafundi wenu walipaswa kunieleza wao.

Programu ya nakala hufungua mafaili maelfu kwa muda mfupi, huyabana, huyafunga kwa nywila, kisha huyaandika mahali pengine. Kwa mtazamo wa kinga, hivyo hasa ndivyo virusi vya kudai fedha vinavyofanya. Ni kama pale ofisini kwetu. Tukiajiri mlinzi mpya leo, na usiku mtunza hazina akatoka mlangoni na mfuko wa fedha kuupeleka benki bila mlinzi kuambiwa lolote, mlinzi atamzuia, na atakuwa sahihi. Kosa ni la aliyemweka mlinzi langoni bila kumtambulisha kwa watu wa ndani. Hapa aliyemweka ni fundi wenu.

Basi kila usiku saa nne programu ya nakala iliunda faili jipya, ikaanza kuandika, kinga ikaikatalia, faili likabaki tupu. Katika kumbukumbu za ndani za programu ya nakala, ukurasa ambao mteja wa kawaida hafikii bila kubofya mara tano, kuna mstari unaosema ruhusa imekataliwa na faili limerukwa. Halafu muhtasari ukatoa alama ya kijani. Kinga nayo iliandika kwenye orodha yake kwamba imezuia programu isiyofahamika, lakini tahadhari zake zilikuwa zimezimwa na fundi wenu siku ile ile ili, kwa maneno yake, zisitusumbue. Isitoshe, ukaguzi mkubwa wa virusi nao ulikuwa umepangwa saa nne usiku, saa ile ile ya nakala. Kwa hiyo hata usiku ambao kinga isingezuia, programu mbili zingekuwa zinang'ang'ania mafaili yale yale kwa wakati mmoja.

Tatizo hili wala si geni. Windows yenyewe, tangu mwishoni mwa 2017, ina ulinzi wa folda wa namna hii, na kila inapozuia programu huandika tukio namba 1123 kwenye kumbukumbu zake. Pana mahali pa kuongeza programu unayoiamini, ikaruhusiwa bila kuzima chochote. Programu yenu ya kinga ina orodha kama hiyo. Kijana wetu aliiona, akaingiza humo programu ya nakala peke yake. Hakuiachia huru folda nzima ya diski ya nje, kwa sababu hapo kirusi chochote kingeweza kuandika. Ukaguzi mkubwa akauhamishia Jumamosi asubuhi. Kisha tukaendesha nakala, tukatazama ukubwa wake, na tukairudisha yote kwenye kompyuta ile ya kuazima kuona kama inafunguka. Ikafunguka. Mpangilio wenyewe, ukiacha muda wa kusubiri nakala iandikwe, ulichukua dakika 40. Fundi wenu angeufanya tarehe 27 Mei, barua hii isingekuwepo.

Kumbukumbu za wanachama tumezirudisha kwa mikono. Vibarua wawili walikaa nasi siku tisa kwa TSh 20,000 kila mmoja kwa siku, wakiingiza stakabadhi moja moja. Penye stakabadhi zilizofifia tuliwaita wanachama waje na vijitabu vyao. Mwalimu mstaafu mmoja alitoka Mvomero kwa basi, akafungua kitambaa alichofungia kijitabu chake, akanionyesha muhuri wetu na sahihi yangu ya tarehe 12 Juni ya TSh 85,000. Kwenye mfumo wetu fedha hizo hazikuwepo. Aliniuliza kwa upole, "Mwanangu, zipo lakini?" Nilimwambia zipo, na zilikuwepo benki, lakini mhasibu hapaswi kuulizwa swali hilo na mwanachama ambaye amefanya kila kitu sawasawa. Na chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, wajibu wa kuzilinda taarifa hizi zisipotee ni wetu mbele yake. Siwezi kumwelekeza kwenu.

Kwa hiyo tunataka mambo haya. Mturudishie TSh 360,000 tulizowalipa vibarua na TSh 150,000 ya huduma ya fundi ya tarehe 27 Mei, ambayo mlitutoza kwa kazi iliyoharibu, jumla TSh 510,000. Ile barua pepe ya tarehe 23 Juni ifutwe kwa maandishi, na mafundi wenu waache kumshauri mteja yeyote azime kinga. Wateja wengine waliopandishiwa toleo hilo hilo waarifiwe mara moja wafungue folda zao na kutazama ukubwa wa nakala za karibuni, kwa sababu siamini kwamba ni sisi peke yetu. Hili la wateja wengine naliomba kuliko hata fedha. Huenda wakati huu kuna zahanati au shule inayotazama kiduara cha kijani kama nilivyokuwa nakitazama mimi.

Na kiduara chenyewe kifikisheni kwa watengenezaji. Usiku ambao faili halikuandikwa, kionyeshe rangi nyekundu. Maelekezo ya kuzipatanisha programu hizi mbili yaandikwe kwa Kiswahili, ukurasa mmoja unatosha, na yapewe mteja siku anayonunua.

Nasubiri majibu ya maandishi ndani ya siku 14, kutoka kwa mtu mmoja atakayewajibika kwa programu zote mbili. Siku hizo zikipita bila jibu, Bodi yetu imeniruhusu kulipeleka suala hili Tume ya Ushindani, kwa kuwa kuuza programu mbili kwa ahadi kwamba zinaelewana, ilhali hazijapatanishwa, tunaona ni kumpotosha mteja, jambo ambalo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inalikataza. Yale mafaili 23 matupu hatujayafuta. Yapo kwenye diski ile ile, ndani ya sefu, na nakala za kumbukumbu za programu zote mbili nimeziambatisha hapa.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mhasibu,
kwa niaba ya wanachama 412

Nakala: Mwenyekiti wa Bodi