Barua kwa mwanangu: namna ya kumsoma Dhuoda wa Uzès

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kwa nini tarehe zako za Dhuoda, yule mama wa karne ya 9 aliyemwandikia mwanawe kitabu cha mawaidha, hazilingani na zilizochapishwa. Tuanzie hapo hapo, maana ukizikosea tarehe, mchoro wako wa ukoo wote unapinda.

Dhuoda alihesabu miaka kwa utawala wa Louis Mcha Mungu, Kaisari wa Wafranki, aliyeshika ufalme mwishoni mwa Januari 814. Anaposema mwanawe William alizaliwa mwaka wa 13 wa Louis, wewe umejumlisha 814 na 13 ukapata 827. Lakini 814 wenyewe ndio mwaka wa kwanza, kwa hiyo wa 13 ni 826. Siku nazo anazihesabu kwa Kirumi, akirudi nyuma kutoka tarehe mosi ya mwezi unaofuata, na hiyo mosi nayo imo katika hesabu. Siku ya 3 kabla ya Desemba, basi, inakwenda hivi: Desemba 1 ni ya kwanza, Novemba 30 ya pili, Novemba 29 ya tatu. Huyo ndiye William, Novemba 29, 826. Ndoa ya Dhuoda na Bernard wa Septimania, eneo la kusini mwa Ufaransa, ilikuwa mwaka wa 11 wa Louis, siku ya 3 kabla ya Julai. Ukipiga hesabu vizuri utapata Juni 29, 824, katika kasri la Aachen, ambao leo ni mji wa Ujerumani. Mtoto wa pili alizaliwa Uzès, kusini mwa Ufaransa, siku ya 11 kabla ya Aprili, yaani Machi 22, 841. Kwa huyu usitafute mwaka wa utawala wa Louis. Louis alikwisha kufa Juni 20, 840.

Kifo hicho ndicho kilichoisambaratisha nyumba ya Dhuoda. Wana wa Louis waligombania ufalme, na Juni 25, 841 wakapigana Fontenoy. Bernard alikaa kando na watu wake, akingoja kuona upepo unavumia wapi. Charles, mmoja wa wana hao, aliposhinda, Bernard akamtuma kwake William, kijana wa miaka 14, ale kiapo cha utii. Ukiandika “kiapo” peke yake utakuwa umesema nusu, kwa sababu yule kijana alikuwa pia rehani ya uaminifu wa baba yake. Mtoto mchanga naye akachukuliwa kabla hajabatizwa, akapelekwa kwa baba yake huko Aquitaine, kusini-magharibi mwa Ufaransa, na Elefantus, askofu wa Uzès. Mama akabaki Uzès bila hata mtoto mmoja.

Novemba 30, 841, siku moja baada ya William kutimiza miaka 15, Dhuoda akaanza kumwandikia kitabu cha mawaidha kwa Kilatini. Alikimaliza Februari 2, 843. Shairi la mwanzo lisome kwa herufi za kwanza za beti zake: zinatoa salamu ya Dhuoda kwa mwanawe mpendwa William, na mwishoni amri moja, “soma”. Kisha tafuta mahali anapomtaja mtoto wa pili. Anasema jina lake bado halijui, na anamwagiza William amfundishe mdogo wake na kumwonyesha kitabu hiki atakapokuwa amejifunza kusema na kusoma. Hapo nenda polepole. Ni mama anayemlea mtoto kupitia mtoto mwenzake, kwa kuwa hana njia nyingine.

Sehemu ambayo wanafunzi wengi huiruka ni ya madeni, na mimi naiona ndiyo inayomwonyesha vizuri kuliko zote. Bernard alikuwa mbali, na Dhuoda ndiye aliyetunza maslahi yake huko kusini. Kwa ajili hiyo alikopa sana, kwa Wakristo na kwa Wayahudi. Anaandika kwamba amelipa kadiri alivyoweza, na akifa na deni, William awatafute wanaodai na kuwalipa kwa mali aliyoiacha mama, na ikipungua aongeze yake. Kwa hiyo usimchore kama bibi aliyekaa ngomeni akisali tu. Sala alisali, na hesabu za nyumba alizibeba.

Wosia wake mkubwa ulikuwa huu: mtii baba yako kwanza, kisha bwana wako Charles. Tatizo ni kwamba wosia huo ulihitaji wawili hao wapatane. Mwaka 844 Charles alimuua Bernard kwa kosa la uhaini. William akamwacha Charles, akaiteka Barcelona mwaka 848, na mwaka 850 naye akauawa.

Kwa mchoro wa ukoo, tumia orodha ya marehemu ambao Dhuoda anamwagiza William awaombee. Mweke William wa Gellone, baba yake Bernard, aliyeanzisha monasteri ya Gellone mwaka 804, pamoja na wake zake Cunegonde na Guitburge. Chini yao mweke Bernard na ndugu zake, akiwemo Thierry, aliyemsimamia kijana William katika ubatizo. Dhuoda anawataja Gerberga na Gaucelm, nao ndugu zake Bernard, bila kusema walivyokufa, nawe utaongeza: mwaka 834, huko Chalon, Lothair, mwana mwingine wa Louis, aliamuru Gaucelm akatwe kichwa, na Gerberga, aliyekuwa mtawa, akatoswa katika mto Saône kwa shutuma za uchawi.

Mtoto wa pili aliitwa Bernard. Wanahistoria wengi humwona kuwa ndiye Bernard Plantevelue, baba wa William mwingine, aliyeanzisha monasteri ya Cluny mwaka 910. Hapo tumia mstari wa nukta, kwa kuwa hoja bado inajadiliwa. Upande wa Dhuoda mwenyewe acha nafasi tupu juu ya jina lake. Orodha yote ni ya ukoo wa mume. Wazazi wake hakuwataja, na tovuti zinazowajazia majina zinabahatisha.

Mama yako