Kwa Vijana wa Steji ya Soko la Wakulima, Nakuru

Wanangu,

Juzi nikingoja boda niliwasikia mkibishana juu ya Mpango wa Shirika, ule wa serikali wa kugeuza kambi za wakimbizi kuwa makazi. Mmoja wenu akawaita wakimbizi wa kambi ya Kakuma, kule Turkana, kupe. Mwingine akamrukia: mbona Uganda wanapokea kila mtu na nchi haijaanguka? Sikutia neno, maana jambo hili halimalizwi injini ikiwaka.

Wengi wenu hamjui kwamba nami nimewahi kuwa mkimbizi. Januari 2008, duka langu kule Bungoma likiwa majivu kwa ghasia za uchaguzi, nilivuka mpaka wa Malaba kuingia Uganda na mama watoto, godoro kichwani. Tulipelekwa Mulanda, karibu na Tororo, Wakenya maelfu. Hakuna Mganda aliyeniuliza kabila. Baadaye wenzetu wakahamishiwa Kiryandongo, wakagawiwa vipande vya shamba, na wako waliobaki huko. Mimi nilirudi, nikaangukia kwa shemeji hapa Nakuru. Kwa hiyo hilo neno kupe lilinichoma.

Lakini na wewe uliyeisifu Uganda, keti. Museveni aliishi uhamishoni Tanzania miaka ya 1970, na jeshi lililomwingiza Kampala mwaka 1986 lilikuwa na watoto wengi wa wakimbizi wa Kinyarwanda, Paul Kagame akiwemo. Mtu kama huyo anajua uzito wa mkimbizi katika siasa. Sheria ya Uganda ya 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi na kutembea, nayo imemjengea mzee yule jina kubwa Ulaya. Juni 2017 aliwaita wafadhili Kampala, akitafuta dola bilioni 2. Ahadi hazikufika hata robo. Desemba mwaka huo huo bunge likaondoa kikomo cha umri wa urais. Kelele za wafadhili zilikuwa za chinichini. Nani atamgombeza mwenye nyumba aliyelaza wageni zaidi ya milioni? Hayo ni mawazo yangu, msiyapeleke kortini.

Halafu kuna hesabu za huko Uganda. Mwaka 2018 wakimbizi walipohakikiwa upya kwa alama za vidole, wale milioni 1.4 wa kwenye vitabu wakawa kama milioni 1.1. Maafisa kadhaa wakasimamishwa kazi. Mnyarwanda au Msudani aliyelala kwenye turubai hakuziandika zile namba.

Kwetu je? Mwaka 2016, uchaguzi ukinukia, serikali ilitangaza kwamba kambi ya wakimbizi ya Dadaab itafungwa. Februari 2017 Mahakama Kuu ikakataa. Machi 2025 Rais Ruto akazindua Shirika, eti kambi ziwe makazi na mkimbizi ajitegemee. Ni watu wale wale. Jana tuliambiwa ni magaidi, leo tunaambiwa ni wafanyabiashara.

Basi mwanasiasa akija hapo stejini na kipaza sauti, msimuulize kama anawapenda wakimbizi. Muulizeni pesa zinapitia mfuko gani, nani anahesabu vichwa, na Mturkana aliyetoa ardhi yake ameandikiwa fungu gani. Uganda angalau waliweka kanuni kwamba asilimia 30 ya misaada iwafae wenyeji. Sisi tumeweka ngapi? Akianza kuzungumzia undugu wa Afrika kabla ya kujibu, washeni pikipiki zenu.

Kesho saa kumi nitapita hapo. Yule wa kofia nyekundu aliyesema kupe asinikimbie. Chai ni juu yangu, na ile picha ya Mulanda nitaibeba.

Mzee wenu wa duka la kona