Tuandikieni habari za Muhammad Ali

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Juzi hapa Mwanjelwa nimekuta dogo anauza mitumba, kashika tisheti yenye picha ya Muhammad Ali, nikamuuliza huyu nani, akasema eti ni mwanamuziki wa zamani wa Marekani. Iliniuma sana.

Huyu ndo yule bondia wa Marekani aliyekataa kwenda vita ya Vietnam mwaka 1967, wakamnyang'anya mkanda wa ubingwa na leseni, akakaa zaidi ya miaka 3 bila kupigana, umri ambao bondia ndo yuko motomoto. Halafu 1974 pale Kinshasa, bado alfajiri kwao, kaegemea kamba anakula ngumi za George Foreman raundi baada ya raundi mpaka jamaa kachoka mwenyewe, raundi ya 8 akamlaza. Marehemu baba alikuwa akifika hiyo raundi ya 8 anainuka kabisa kwenye kigoda anatuonyesha kwa mikono.

Mwaka 1980 alikuja mpaka Dar, katumwa na Rais Carter wa Marekani atushawishi tusiende Olimpiki ya Moscow, Mwalimu Nyerere akakataa kumwona na tukaenda, wanariadha wetu Nyambui na Bayi wakarudi na medali za fedha. Pale Ali alikosea kukubali kutumwa, nasema hivyo na bado nampenda.

Huku kuna vijana wanapiga gunia la pumba wamelining'iniza kwenye mparachichi kila jioni. Waandikieni maisha yake jamani, hata ukurasa mmoja tu, na msiishie kwenye KO, wekeni na ile mikono iliyokuwa inatetemeka akiwasha mwenge wa Olimpiki Atlanta 1996.

Msomaji wenu,
Mwanjelwa, Mbeya