Wanangu, klamidia haipigi hodi

Kwenu vijana wangu,

Wengi wenu hamwendi kupima mpaka muugue. Kwa klamidia, ugonjwa wa zinaa unaoletwa na bakteria, mtangoja sana. Wanawake wengi walio nayo, na wanaume wengi pia, hawaoni usaha wala mkojo hauwaunguzi. Kumbe bakteria anapanda kutoka mlango wa kizazi hadi kwenye mirija ya uzazi na kuacha makovu. Yai lililorutubishwa likikwama humo, mimba hutunga nje ya kizazi, na hiyo inaua. Wanaume nao huweza kuvimba korodani.

Kipimo hakitishi. Mwanamke hujichukulia majimaji ukeni kwa kijiti cha pamba. Mwanaume hutoa mkojo, lakini si ule wa katikati mliozoea kuambiwa. Kaa angalau saa 1 bila kukojoa, kisha kinga mkojo wa mwanzo kabisa, mililita 20 hadi 30, basi. Bakteria hujificha kwenye utando wa njia ya mkojo, na mkojo wa mwanzo ndio unaowasomba. Ukijaza kikombe, umewazimua, na kipimo kinaweza kuwakosa. Aliyefanya ngono ya mdomo au ya nyuma aseme bila haya, maana koo na njia ya haja kubwa hupimwa peke yake.

Dawa ni doksisaiklini miligramu 100, mara 2 kwa siku, kwa siku 7. Imeze ukiwa umekaa wima, kwa glasi nzima ya maji, na usijilaze nusu saa, kwani kidonge kikinasa huchoma umio. Usiimeze pamoja na vidonge vya kuongeza damu, maana madini ya chuma huizuia isiingie mwilini. Mjamzito aseme mapema. Yeye hupewa azithromaisini gramu 1 kwa mkupuo.

Panaponisikitisha ni hapa: mmoja anatibiwa kwa siri, wiki ya pili anaambukizwa tena na mwenzake yuleyule. Mwambie kila uliyelala naye ndani ya siku 60 zilizopita. Msigawane vidonge, kila mmoja na dozi yake. Tena msianze kwa kutuhumiana, kwa sababu klamidia huweza kukaa mwilini miezi mingi kabla ya uhusiano wenu. Acheni tendo mpaka wote mmalize siku 7. Aliyemeza azithromaisini naye ahesabu siku 7 tangu alipoimeza.

Rudini kupima baada ya miezi 3. Msikimbilie kabla ya wiki 4, kipimo kisije kikaokota mabaki ya bakteria waliokwisha kufa.

Ni mimi shangazi yenu.