Mate yanachemka mdomoni bila moto

Mhariri, salamu toka Kirumba. Juzi alfajiri tuko mwaloni tunaanika dagaa, sayari ya Zuhura inawaka kweli kweli, mzee mmoja akauliza eti kule nako kunakucha? Nikamwambia mzee wangu, ile inajizungusha mara moja kwa siku 243 za kwetu ila jua inalizunguka kwa siku 225 tu, akacheka mpaka akakalia ndoo. Kilichomnyamazisha ni kisa cha Jim LeBlanc, fundi wa Marekani, mwaka 1966 suti yake ya anga za juu ilivuja kwenye chumba cha majaribio kilichonyonywa hewa, sekunde kama 14 akazimia, anachokumbuka ni mate kuchemka kwenye ulimi (akapona lakini). Sasa nyie kila siku mpira mpira tu, mambo haya ya anga nayo mtupe hata robo ukurasa basi.

Msomaji wenu, Mwanza