Mdogo wangu, ile ya Mabogini ni robo eka

Mdogo wangu,

Marahaba. Uliponipigia kulalamika kwamba ule mfuko wa mbegu wa kilo tano umebaki nusu, nilijua umepanda ovyo. Jumamosi nikashuka Mabogini, nikalipima mwenyewe kwa hatua lile shamba ulilokodi kama nusu eka. Kutoka kwenye mwarobaini hadi mfereji, hatua 35. Kutoka mfereji hadi kile kijiti cha mpaka, 35 tena. Nikakaa juu ya ndoo nikacheka, unisamehe.

Eka tunayopimiana huku ni hatua 70 kwa 70, yaani 4,900. (Eka kamili ni yadi za mraba 4,840, na hatua ya mtu mzima ni kama yadi moja. Wazee hawakukosea sana.) Aliyekukodisha kasema nusu ya 70 ni 35, kakupimia 35 huku na 35 kule, nawe ukaitikia. Haya, 35 mara 35 ni 1,225. Hiyo ni robo! Umelipia nusu eka, ukalima robo, na mbegu ikakushtakia.

Chora mraba hapo chini kwenye vumbi. Upasue kwa mstari mmoja, una nusu mbili. Upasue tena kwa kukatisha, una vipande vinne. Yeye kapunguza pande zote mbili, kwa hiyo kakata mara mbili. Nusu ilikuwa 35 kwa 70. Ukitaka mraba, ni karibu 50 kwa 50.

Wala sikucheki peke yako. Mimi nilihesabu tailizi za sebuleni za sentimita 30 kwa 30, nikafika dukani nikapenda za 60 kwa 60, nikaagiza nusu ya idadi. Moja ya 60 inafunika nafasi ya nne za 30. Zilizobaki ndizo zile zilizoegemea banda la kuku, mama anaanikia dagaa.

Usikubali pia kupimiwa kwa kuzunguka mpaka. Hatua 280 zinazunguka eka nzima, lakini zinazunguka vilevile kijiukanda cha 10 kwa 130, ambacho ni robo na ushee tu.

Mwenye shamba nimeongea naye. Anasema naye alipimiwa hivyohivyo alipolinunua, na sura yake ilionyesha kweli. Ng'ambo ya kile kijiti ni kwake bado, atakuongezea 35 nyingine. Njoo Jumapili baada ya ibada, ubebe kamba na ile mbegu.

Dada yako